Ukurasa Ule Unisomee Mwenyewe

Mbalizi, nyumbani, jua likielekea kushuka

Mwanangu Gwakisa,

Sianzi kwa kukuarifu kwamba mimi huku ni mzima wa afya na kwamba hofu yangu ni juu yako uliye mbali. Hujafika mbali. Uko ng'ambo ya kijito unaaga watu, na kutoka hapa nilipokaa namsikia jirani yetu Mama Lugano akikucheka kwa ajili ya hivyo viatu vipya. Wala mimi si mzima. Tangu jana nimechafukwa na roho, na aliyenichafua ni wewe.

Jana asubuhi uliniwekea karatasi zako juu ya ungo ukasema, "Mama, soma. Ndiyo hiyo itakayochapwa Iringa." Nikaacha kutwanga, nikasoma. Jioni ukaniuliza nimeionaje, nikakujibu, "Nimesoma." Ukacheka, ukadhani furaha imenifunga mdomo. Gwakisa, umenijua tangu uzaliwe. Ni lini furaha ilinifunga mdomo? Nilinyamaza kwa sababu nilisikia kinyaa, na nilijua nikifungua kinywa saa ile majirani wangelazimika kuja kutuamua.

Ndiyo maana naandika. Tena naandika kwa Kiswahili, kwa sababu Kinyakyusa changu kikipata hasira hakikai kwenye mstari. Mambo ya kufua mashati, na ya kumheshimu mjomba wako atakayekupokea pale Mlandege, Iringa, nimekwisha kuyasema mpaka ukaanza kuniigiza sauti mbele ya wenzako, basi sirudii. Hapa nataka tuseme habari za vitabu tu. Unakwenda kufanya kazi ya kutunga vitabu, nami nimekuwa msomaji tangu hujaota meno. Hao wa Iringa watakufundisha mambo anayoyapenda mwandishi. Mimi nitakuambia anayoyachukia msomaji.

Unajua nilivyojifunza. Darasa la ubatizo kule Rungwe, nikiwa msichana, na mwalimu aliyetuchapa vidole tukiruka mstari. Baba yako alipopata kibarua cha barabara tukahamia huku Mbalizi, na haukupita muda nikawa mtu wa kuitwa kila kitabu kinapofika. Wanawake hawakuniita kwa uzuri wa sauti. Waliniita kwa sababu najua kusoma na sioni haya kubishana na kitabu. Tulikaa uani wakipukuchua mahindi, mimi nimesamehewa kupukuchua. Nasoma Kiswahili, nageuza Kinyakyusa kwa wale ambao Kiswahili chao ni cha sokoni, na Mama Lugano, kwa kuwa aliolewa na Msafwa, anamgeuzia mama mkwe wake Kisafwa. Hadithi moja ilipita midomo mitatu kabla haijafika mwisho, na uwongo wa mwandishi, ukipita midomo mitatu, hauna pa kujificha.

Nikuambie kwanza kinyaa kidogo, halafu tutafika kwenye kikubwa.

Nawachukia wanaolamba kidole kila wanapofunua karatasi. Unapokea kitabu kimelambwa kona zote mpaka kimevimba, na wewe nawe ufunue hapohapo. Nawachukia wanaosoma huku wanakula karanga za kukaanga. Nawachukia wanaokunja kona, na wanaoandika majina yao kila mahali, tena kwa wino, eti kitabu kisipotee, halafu kitabu chenyewe walikiazima. Mimi nilikuwa mwepesi wa kuazimisha watu vitabu, ulikuwa ujinga wangu huo. Nilidhani anayependa kusoma ni mtu mwema. Kitabu changu cha kwanza kabisa, zawadi ya kipaimara, nilikikuta kwa watu kimefunika mtungi wa maziwa. Kingine mume wa Mama Lugano alikichana kurasa za mwisho akasokotea tumbaku. Nilipokwenda kugomba akaniambia bila aibu, "Mama Gwakisa, usikasirike. Karatasi za vitabu vya dini zinaungua polepole, zinafaa sana." Mpaka leo sijui yule binti wa kwenye hadithi aliolewa au alikufa.

Lakini hao ni watu wa kugombezwa tu. Waandishi ndio walionifanya nitupe vitabu chini.

Kwa nini katika vitabu hakuna anayesikia baridi? Nimesoma hadithi ngapi, watu wanaamka alfajiri, wanatoka nje, wanatazama jua, wanaimba. Aje mwandishi huyo hapa mwezi wa sita, atoke nje alfajiri na shuka moja, nione kama ataimba. Mwingine alimfanya mkulima wake apande mbegu za ndizi. Mbegu! Wanawake walicheka mpaka mahindi yakamwagika, na tangu siku hiyo wakawa hawamwamini mwandishi yule hata aliposema mvua imenyesha. Mwingine kila msichana wake ana shingo ya twiga na macho ya paa na meno kama sijui nini, mpaka Mama Lugano akauliza, "Sasa huyu ni wa kuolewa au wa kuwindwa?"

Halafu yupo yule anayenishika mkono kila ukurasa. "Ewe msomaji mpendwa, je, wajua kilichotokea?" Sijui! Ndiyo sababu nasoma! Na yupo mwenye kumwua mtu huku akimhutubisha. Mgonjwa hajaweza kumeza maji tangu asubuhi, lakini anainuka kitandani anausia ukoo mzima, mmoja mmoja, kwa majina, anasamehe, anaonya, anakumbusha mipaka ya shamba, ndipo anakata roho. Nimekaa na watu waliokuwa wanakufa, mwanangu. Pumzi hawana. Mama yangu neno lake la mwisho lilikuwa "funga mlango."

Na mwisho wa kitabu, baada ya hayo yote, wanaweka fundisho. "Hadithi hii inatufunza kwamba." Kana kwamba sisi tulikuwa tumelala. Mimi huwa nafunga kitabu kabla ya hapo, na hakuna hata mwanamke mmoja aliyewahi kuniomba nimsomee fundisho.

Usidhani najitoa. Na mimi niliwahi kuandika kwa namna hiyohiyo ninayoichukia, nikaona matunda yake. Ulikuwa bado unanyonya. Mwanamke mmoja wa jirani, mumewe yuko kwenye migodi ya kusini, alikuja nimwandikie barua kwamba mama wa huyo mume amefariki. Mimi wakati huo nilijiona fundi wa barua. Nikaanza na salamu, nikazinyoosha vizuri, salamu za wakubwa na wadogo, za kanisani na za shambani, na "sisi wote huku hatujambo, wazima kabisa", kwa sababu ndivyo tulivyofundishwa barua inavyoanza. Karatasi ikaisha. Habari ya msiba nikaibana ukingoni, kwa herufi ndogo, kwa kuizungusha karatasi.

Huyo mume mwenyewe hakujua kusoma. Aliyemsomea huko alisoma salamu, akafika chini, akafunga. Yule bwana akaja nyumbani baada ya muda mrefu, anashuka kwenye lori anacheka, na begani ana blanketi jekundu, zito, la kumpelekea mama yake. Alipita hapa mbele yetu nalo. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni nikamwona anavyolipapasa. Nilijiona mchafu, na zile salamu zangu nzuri nikazichukia mpaka leo. Tangu hapo nikiandika naanza na neno lenyewe, hata kama linauma, na watu wananiita sina adabu ya barua. Waniite.

Sasa nikukumbushe siku ya kitabu chenye jalada la kijani, maana kinahusu kesi yako. Ulikuwa kijana wa kwenda shule, ulikaa nasi ukijifanya huna habari na hadithi za wanawake. Kitabu kilisema mambo yanatokea kwetu kabisa, chini ya mlima Rungwe, kwenye migomba. Wanawake wakajiweka sawa, kwa furaha ya kusikia kwao kumetajwa. Nikasoma, nikafika pahali ambapo mke mdogo wa nyumba anapiga magoti mbele ya baba mkwe wake, anamnawisha mikono, anamwekea chakula, wanakaa wanacheka.

Nikasikia mahindi yameacha kudondoka.

"Rudia hapo," akasema Mama Lugano.

Nikarudia.

"Anamnawisha nani?"

"Baba mkwe."

"Kwa mikono yake mwenyewe? Wanaangaliana?"

"Ndivyo kilivyoandikwa."

Mwanamke mmoja mzee akamwita Mungu kwa Kinyakyusa, "Kyala!", akasimama, akakung'uta nguo kana kwamba kitabu kimemwagia majivu, akaenda zake. Mama Lugano akasema, "Huyu mwandishi hana wakwe? Au ametuona sisi ndio hatuna haya?" Nikajaribu kumtetea. Nikasema pengine ni mgeni, pengine kwao ni ruksa. "Basi aandike ya kwao," akasema. "Asije kumvua mtu nguo halafu amwambie ndivyo mlivyo." Kitabu kile hakikusomwa tena.

Wewe huna haja ya kuelezwa desturi hiyo. Umeniona mara nyingi nikijitupa kwenye migomba na mtungi kichwani kwa sababu babu yako anakuja njiani. Mchungaji alisema tulegeze, nasi kanisani tulilegeza kidogo, tukaketi chini ya paa moja, yeye huku mimi kule. Lakini kutazamana usoni, kuzungumza, kugusana, mimi na baba wa mume wangu, hapana. Nawe ulikulia katika nyumba hiyo.

Ndipo nashangaa mkono ulioandika karatasi zile ni wa nani.

Ile hadithi ya kwanza uliyonisomea mwenyewe wakati wa masika niliipenda, na nilikuambia. Ilikuwa na baba yako mzima ndani yake. Alikuwemo akijipaka mafuta ya kondoo miguuni kwa ajili ya baridi mpaka nyumba nzima inanuka. Lilikuwemo koti lake la kaki lenye kifungo kimoja cha mfupa. Na ilikuwemo Jumamosi yake, anapokwenda kunywa kimpumu na wenzake, anarudi anaimba nyimbo za kanisa kwa sauti mbovu, na mbwa wanamsindikiza. Nilicheka nikalia. Ndiyo, alikunywa pombe ya Jumamosi. Mchungaji alijua, mimi nilijua, na Jumatatu barabara ilimkuta yuko kazini. Hukuficha, wala hukukuza.

Ukaipeleka Iringa. Bwana mhariri akakujibu, na barua yake uliisoma hapa mezani kwa sauti ya kujisifu. Kwamba unajua kuandika. Kwamba kazi ipo, njoo. Ila hadithi haina fundisho. Hiyo pombe ya Jumamosi uikuze. Baba afe kwa ajili yake. Mwishoni ahuzunike mke, ahuzunike mkwe, na kijana aape. Nilikuwa nasonga ugali, nikadhani utaandika kumjibu kwamba baba yako hakufa hivyo. Hukuandika. Ulikaa ukaikuza.

Nimesoma ulivyoikuza. Baba anayumba kutoka kilabuni, mvua inanyesha, anatumbukia mtaroni kando ya barabara, anazama. Mke anakimbia kwenye matope ameshikana mikono na baba mkwe. Baba mkwe anamwegemea mke begani. Mke anatoa hotuba ndefu kuliko sala ya Jumapili, hotuba dhidi ya kileo, mvua inamnyeshea na wala hatetemeki, maana katika vitabu hakuna baridi. Kijana anaapa. Halafu fundisho.

Umembadilisha jina ukamwita Yohana. Koti la kaki umeliacha lilivyo. Kifungo cha mfupa umekiacha. Daraja letu, kalavati letu, nyimbo zake, mbwa, vyote umeviacha. Unadhani ni nani hapa Mbalizi hatamtambua? Unadhani watasema, "Huyu Yohana ni wa kutungwa"? Watasema, "Kumbe. Hata mwanawe ameandika."

Tena yote yale ninayoyachukia katika vitabu, kila moja, umeyakusanya ukayatupia juu ya baba yako. Hapo ndipo roho iliponichafuka kweli. Nilikaa na karatasi zile karibu na moto, nikautazama moto, nikazitazama. Sikuzichoma. Kazi hiyo naitaka uipate. Sijakusomesha ili uje kuzibua mitaro. Naogopa ukimkatalia huyo bwana atakwambia urudi na basi hilohilo, na hofu hiyo ndiyo iliyonizuia kusema jana. Nakuambia wazi ili usidhani hasira imenipofusha nisione unachoweza kupoteza.

Lakini ulikuwepo, Gwakisa. Kama ungekuwa hukuwepo ningekusamehe.

Baba yako alifia mtaroni. Hapo hukudanganya, na ndiyo sababu uwongo wako unanuka zaidi, kwa kuwa umeupanda pahali pa kweli. Mvua ilinyesha tangu alfajiri. Matawi yakaziba kalavati, maji yakaanza kuila barabara, na upande wa pili lori limesimama na watu ndani, wakiwamo akina mama waliokuwa wanapeleka watoto hospitali Mbeya. Nyapara akasema ngojeni mvua ipungue. Baba yako akavua lile koti, akaliweka juu ya jiwe, akashuka na beleshi. Ilikuwa katikati ya wiki, na tumboni alikuwa na uji wangu. Akazibua. Maji yakapita. Wenzake wanasema alikuwa anageuka kupanda wakati ukingo ulipomwangukia. Lori lile lilipita, Gwakisa. Watoto wale walifika.

Walipomleta, wanawake walinijazia nyumba kama ilivyo desturi, na wewe ulikuwa umelala mapajani mwangu, lakini hukuwa usingizini, maana nilikuona macho. Kilio kilipotulia kidogo, tulisikia mtu anakohoa nje, nyuma ya ukuta wa jiko. Alikuwa babu yako. Hakuweza kuingia nilipo, na mimi sikuweza kutoka alipo. Pale nje alikuwa amefungwa yule ndama mweusi. Babu yako akasema na ndama.

"Ndama," akasema, "mwambie mwenye nyumba hii. Mwanangu alishuka mtaroni kwa miguu yake. Mkono wake tumeukuta umeshika beleshi. Mwambie asiache mtu aseme vingine."

Nikasikia anangoja. Mimi nisingeweza kumjibu kwa kinywa, basi nikanyoosha mkono nikagonga ukuta kwa kiganja, mara moja. Akakohoa tena, nikasikia miguu yake inakwenda.

Miaka yote niliyokaa mke wa mwanawe, hayo ndiyo mazungumzo pekee tuliyowahi kuzungumza, mimi na babu yako. Alikufa hatujaonana uso kwa uso. Wewe katika karatasi zako umetushikanisha mikono kwenye matope. Umetupa ukuta, umemtupa ndama, umemtupa mzee anayekohoa nje kwa sababu mwanawe amelala ndani na hawezi kuingia. Una kitu hicho mkononi, mtu mwingine angetembea kwa miguu mpaka Dar es Salaam kukitafuta, na umekibadilisha na hotuba ya kileo! Sijui nilie au nikuchape.

Sasa fikiri mbele kidogo. Kitabu kitachapwa. Kitaletwa kwenye duka la misheni, kitanunuliwa, kitafika hapa, maana vitabu vyote hatimaye vinafika hapa. Mama Lugano atavuka kijito anakimbia, kwa fahari, amekishika hewani: "Mama Gwakisa, kitabu cha kijana wetu!" Watatandika mikeka. Wataniletea kigoda. Nani atakisoma, Gwakisa? Ulipokuwa unaandika ulinifikiria mimi hata kidogo? Ni mimi nitakayekisoma. Maneno yale umeyaandika yatoke kinywani mwangu, niwageuzie Kinyakyusa, Mama Lugano amgeuzie mama mkwe wake Kisafwa, mpaka uwongo juu ya mume wangu uwe umesemwa kwa lugha tatu uani kwangu, na ukuta wa jiko uko palepale.

Hivyo ndivyo ninavyotaka ukumbuke ukikaa kwenye meza yao huko Iringa, watu wapya wakikusalimu kamwene na wewe ukiitikia kwa furaha. Kila unaloandika, yupo mtu atakayelisoma kwa sauti mbele ya watu wanaojua. Pengine ni mama wa mtu.

Sikukatazi kuandika juu ya walevi. Walevi wapo, tunawajua, na wengine wamefia mitaroni kweli. Huyo bwana akitaka mlevi, mtungie mlevi. Mpe koti lake mwenyewe na wimbo wake mwenyewe na mama yake mwenyewe wa kumlilia. Na kama anataka hadithi ya baba yako, ipo ile ya kwanza, niliitunza nakala yake chini ya Biblia, na nimeiweka sandukuni pamoja na ile mbaya. Zote mbili utasafiri nazo. Sitaficha moja, maana nikificha utasema mama ndiye aliyeamua.

Lakini kesho, kabla basi halijaja, nakuomba jambo moja, nalo si kubwa kwa kijana anayekwenda kulipwa kwa maneno yake. Barua hii naiweka juu ya shati la safari, huwezi kuikosa. Ukiamka usije jikoni kunywa uji kwanza. Chukua karatasi zako mpya, zunguka nyuma ya nyumba, usimame nje ya ukuta wa jiko, pale alipokuwa anafungwa ndama. Mimi nitakuwa ndani nimekaa nilipokaa siku ile. Unisomee ukurasa ule wa mtaroni, wote, kwa sauti ya kusikika, pamoja na hotuba na kiapo na fundisho. Usiruke mstari.

Ukiweza kuufikisha mwisho, usiingie kuniuliza nimeuonaje. Simama hapohapo usikilize kama ukuta utagongwa.

Mama yako